Bonde la Teleki Halikuchimbwa na Mto

Hamjambo ndugu zangu. Nimefurahi kuona waongozaji na wapagazi wengi humu ndani, kwa maana haya nitakayoyasema ninyi mmeshayakanyaga.

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, kule chini msituni mto umejichimbia korongo jembamba, umbo la herufi V. Ukishavuka kinamasi na kuingia Bonde la Teleki, mambo yanabadilika. Sakafu ni pana, kuta zimesimama pande zote mbili, na katikati ya mimea ya malobelia kinapita kijito ambacho mtu anakiruka na mzigo mgongoni. Kila nikifika pale najiuliza: kijito hiki kilipata wapi nguvu ya kuchonga uwazi wote huu? Hakikuchonga. Ni kazi ya barafuto, yaani mto wa barafu unaotambaa polepole kushuka mlima.

Mlima wetu ni volkeno iliyozimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, na inakadiriwa wakati huo ulipita mita 6,000. Ulijengeka kwa matabaka: lava, majivu, lava tena. Majivu ni laini, na barafu iliyala. Kilichosalia ni jiwe gumu lililogandia kooni mwa volkeno, nalo ndilo vilele vyetu viwili vya juu: Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Tunachokiita kilele ni koo. Mwili wenyewe ulishaondoka.

Barafu inaulaje mlima? Maji yanapenya kwenye ufa, yanaganda, yanatanuka, jiwe linaachia. Barafuto inalinasa na kuliburuta polepole kuelekea bondeni, uzito wote ukiwa juu yake. Barafu tupu haikwaruzi mwamba. Mawe iliyoyabeba tumboni ndiyo msasa. Niliwahi kupiga magoti penye mwamba ulioachwa wazi na Barafuto ya Lewis, nikapitisha kiganja. Upande unaotazama juu ni laini kama sakafu ya saruji iliyosuguliwa, na mikwaruzo imelala sambamba, yote ikielekea bondeni. Upande wa chini wa mwamba huohuo umenyofoka, una makali ya kukata kidole. Jiwe moja, na kazi zote mbili zimeandikwa humo.

Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory aliona matuta ya mawe yaliyoachwa na barafu chini kabisa ya mahali barafuto zilipoishia siku zake. Alielewa mara moja: barafu iliwahi kushuka mpaka huko. Leo tunajua kwamba miaka 20,000 hivi iliyopita ndimi zake zilifika karibu na mita 3,200. Upande wa mashariki zilichimba Bonde la Gorges na shimo ambalo sasa ni Ziwa Michaelson.

Lewis yenyewe ilikatika vipande viwili mwaka 2010. Inaniuma, nasema wazi. Na kila inaporudi nyuma inafunua mwamba mpya, mikwaruzo yake bado mibichi, haijaguswa na mvua nyingi wala kuvu. Kesho tukifika pale, vueni glavu.