Kiraka Anayecheza Kila Siku

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojikusanya kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaotafuta upenyo wa kutoroka, habari za mchana.

Nimepewa mada ndefu kuhusu safari ya mchezaji wa kulipwa wa besiboli anayemudu nafasi nyingi za uwanja wa ndani, yaani kiraka. Nikaona nikizungumza kijumla tutalala wote, mimi nikiwa wa kwanza. Kwa hiyo nitamchukua mtu mmoja, Mmarekani Ben Zobrist, nitembee naye kuanzia alipokataliwa hadi alipolipwa.

Wale mliokuja kutoka kwenye soka, nipeni dakika moja. Timu inayolinda huwa na watu tisa. Mrushaji yuko katikati, mdakaji amechuchumaa nyuma ya mpigaji, na watatu wako mbali kwenye majani, uwanja wa nje. Wanne waliobaki ndio uwanja wa ndani, penye besi, yaani vituo ambavyo mpigaji hukimbilia kwa zamu akishapiga: besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na shotistopu anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 27 na kitu. Shotistopu ndiye anayeheshimiwa kuliko wenzake, maana mipira migumu humwendea yeye, na akishaidaka bado ana mrusho mrefu hadi besi ya kwanza. Mtoto yeyote mwenye kipaji huanzia hapo, na wengi huondolewa hapo kadiri ngazi zinavyopanda.

Sasa Zobrist. Alizaliwa 1981 akakulia Eureka, mji mdogo wa jimbo la Illinois, baba yake akiwa mchungaji. Alipomaliza sekondari hakuna chuo kilichomtaka kwa ajili ya besiboli. Akachukua dola 50, fedha alizopewa siku yake ya kuzaliwa, akalipia nafasi kwenye siku ya majaribio, na huko ndiko kocha wa chuo kidogo cha Olivet Nazarene alikomwona. Baadaye akahamia Dallas Baptist. Mwaka 2004 klabu ya Houston Astros ikamchagua katika raundi ya 6, akaanza kupanda ngazi za ligi ndogo. Julai 2006 wakamtoa kwenda Tampa Bay ili wampate mpigaji mzoefu, Aubrey Huff. Agosti mwaka huo akacheza ligi kuu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 25. Kwa besiboli huo ni umri wa mtu ambaye watu wameanza kumsahau.

Alipofika juu, akazama. Mwaka 2007 wastani wake wa kupiga ulikuwa .155, yaani katika kila mara 100 alizosimama kupiga, ukiacha zile alizopewa besi ya kwanza bure bila kupiga, alifanikiwa mara 15 au 16. Hakuna klabu inayovumilia hesabu hiyo kwa shotistopu. Msimu ulipokwisha, Tampa Bay wakaenda Minnesota wakamleta Jason Bartlett, shotistopu aliyekomaa, na mambo yakawa yameisha. Zobrist alikuwa na kazi, hakuwa na nafasi.

Hapa watu wengi wanaosimulia habari zake huruka haraka. Wanasema alijifunza kucheza kila mahali, akaokoka. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari, na ndiyo nusu ndogo. Wachezaji waliotolewa kwenye ushotistopu wakajifunza besi ya pili na ya tatu wamejaa kila klabu. Huitwa wiki moja aliyeumia akiwa hospitali, hurudishwa ligi ndogo akipona. Wanaishi kwenye mabasi. Kilichomtoa Zobrist kwenye foleni hiyo ni gongo, ile fimbo ya kupigia mpira. Kabla ya msimu wa 2008 alikwenda kwa mwalimu binafsi wa upigaji, wakabomoa namna yake ya kuzungusha gongo na kuijenga upya. Mtu ambaye homurani zake zote za ligi kuu, yaani mapigo yanayovuka uzio wa uwanja, ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja akapiga 12 katika mechi 62 za mwaka huo. Kocha mkuu Joe Maddon akabaki na swali tamu: huyu anapiga, tutamweka wapi? Jibu likawa popote. Kwa hiyo walimu, mkimwambia kijana awe kiraka, mwambieni na hilo. Glavu nyingi humfanya mtu asafiri na timu. Gongo ndilo linaloandika jina lake kwenye kikosi cha siku.

Mwaka 2009 alianza bila nafasi ya kudumu. Mwezi Mei, Mjapani Akinori Iwamura, mwenye besi ya pili, aliumizwa goti na mkimbiaji aliyemtelezea pale pale kwenye besi. Zobrist akaingia.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu mtu akisikia "kutoka shotistopu kwenda besi ya pili" anadhani ni hatua chache tu kuelekea upande wa pili. Wakimbiaji wawili wanapotolewa kwa mpira mmoja, shotistopu anakuja kwenye besi akimwona mkimbiaji mbele yake. Anajua kama aruke, akwepe au arushe. Mchezaji wa besi ya pili anapokea mpira kutoka upande wa besi ya tatu akiwa amempa mkimbiaji mgongo, au akimwona kwa pembe ya jicho tu. Anatakiwa akanyage besi, ageuke, arushe, huku mtu wa kilo 90 au 100 anamjia miguuni bila yeye kumwona. Mikono haibadiliki sana, miguu ndiyo inayoanza shule upya. Miaka ile sheria iliwavumilia wakimbiaji. Ilikazwa 2016, baada ya shotistopu wa New York Mets kuvunjwa mguu kwenye mechi za mtoano za 2015. Zobrist basi alikabidhiwa eneo ambalo mwenzake alikuwa ametoka kuumizwa goti, na akatakiwa asimame hapo kama mwenyeji.

Na hata mkoba wake si wa kawaida. Wa besi ya pili na shotistopu hutumia glavu ndogo, inchi 11 na robo hadi 11 na nusu, ili mpira usipotelee ndani. Anautaka mkononi mara moja. Wa besi ya tatu huongeza kidogo, kwa kuwa mpira humfikia mkali kabla hajafikiri. Wa uwanja wa nje hutumia inchi 12 na nusu na zaidi. Besi ya kwanza ina glavu yake maalumu, pana, isiyo na vidole, na sheria hairuhusu kuitumia kwenye nafasi nyingine. Kiraka huzibeba hizo zote, na zote lazima ziwe zimelainika. Glavu mpya ni ngumu, na uwanjani hakuna muda wa kuilainisha.

Mwaka ule Zobrist alicheza kila nafasi isipokuwa mrushaji na mdakaji. Alipiga .297, homurani 27, akaitwa kwenye kikosi cha nyota. Kuna kipimo kinachoitwa WAR, kinachokadiria mchezaji ameiongezea timu ushindi wa mechi ngapi kuliko mbadala wa kawaida. Kwa hesabu za tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference, hakuna mchezaji asiye mrushaji katika Ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, aliyemzidi mwaka huo. Tuzo ya mchezaji bora ikaenda kwa Joe Mauer wa Minnesota, na Zobrist hakuingia hata tano bora. Sina ugomvi na Mauer, alikuwa na mwaka wa ajabu. Nasema tu kwamba macho ya wapiga kura humtafuta mtu kwenye nafasi yake, na huyu hakuwa nayo. Kwa Watanzania hili si geni. Ni mara ngapi Erasto Nyoni wa soka alisifiwa kuwa kiraka kwa sauti ile ile tunayomsifia mtu mpole?

Fedha nazo zilichelewa. Kwa utaratibu wa Marekani, mchezaji hukaa karibu na mshahara wa chini kwa miaka mitatu hivi, na hawi huru kuchagua klabu mpaka atimize miaka sita ya ligi kuu. Aprili 2010 Zobrist alisaini miaka minne kwa dola milioni 18, na klabu ikajiwekea haki ya kumwongeza miwili. Kwa alichokuwa akikifanya, Tampa Bay, klabu ya fedha kidogo, walimpata kwa bei ya chee. Lakini mtu aliyewahi kupiga .155 na kurudishwa ligi ndogo hakatai milioni 18. Ningesaini na mimi.

Kwa nini klabu zinawapenda watu wa aina hii? Ni hesabu ya viti. Msimu una mechi 162 ndani ya miezi sita. Wakati ule kikosi kilikuwa na watu 25. Tangu 2020 ni 26. Warushaji wameongezeka mpaka kuchukua 12 au 13. Toa wanaoanza, toa mdakaji wa akiba, benchi inabaki na watu watatu tu wa kuziba nafasi saba. Mmoja akimudu nne kati ya hizo, kocha analala usingizi. Zobrist aliongeza jambo jingine: alipigia pande zote mbili, kulia na kushoto, hivyo mpinzani hakuweza kumbadilishia mrushaji ili kumkomoa.

Mwaka 2015 aliuzwa mara mbili, Oakland mwezi Januari na Kansas City mwezi Julai, akamaliza na ubingwa wa World Series, fainali ya ligi kuu. Desemba, akiwa na miaka 34, Chicago Cubs wakampa dola milioni 56 kwa miaka minne.

Cubs hawakuwa wamechukua ubingwa tangu 1908. Msimu wa 2016 Zobrist alicheza hasa besi ya pili. Mechi za mtoano zilipofika, Maddon, aliyekuwa amehamia Chicago, alitaka mikono ya kijana Javier Báez kwenye besi ya pili. Mchezaji mwingine wa milioni 56 angenuna. Zobrist akachukua glavu kubwa akaenda uwanja wa nje, upande wa kushoto, na Báez akawa gumzo la mji.

Fainali dhidi ya Cleveland ilifika mechi ya saba, ya mwisho, iliyochezwa kwao Cleveland. Baada ya inningi ya tisa, yaani raundi ya mwisho ya kawaida, matokeo yalikuwa 6–6, mvua ikasimamisha mchezo dakika 17. Waliporudi, inningi ya 10, Cleveland wakaamua kumpa Anthony Rizzo wa Cubs besi ya bure ili wakabiliane na Zobrist. Ilikuwa hesabu halali kabisa. Mrushaji Bryan Shaw akamfikisha kwenye straiki mbili, ya tatu ikiwa ndiyo ya kumtoa. Mpira uliofuata Zobrist akausukuma kando ya mstari wa kushoto, ukampita wa besi ya tatu, Albert Almora wa Cubs akafika nyumbani, yaani akafunga alama. Mechi ikaisha 8–7. Zobrist akatajwa mchezaji bora wa fainali nzima, wastani .357.

Hakuwa wa kwanza wa aina yake. Gil McDougald wa New York Yankees alikuwa mchezaji bora chipukizi wa 1951, akazunguka besi ya pili, ya tatu na ushotistopu, na kutwaa mataji matano. Tuzo ya Gold Glove, ya ulinzi bora, kwa mchezaji wa nafasi nyingi, hata hivyo, imeanza kutolewa 2022 tu, DJ LeMahieu na Brendan Donovan wakiwa wa kwanza. Bert Campaneris, aliyecheza nafasi zote tisa katika mechi moja mwaka 1965, mimi simweki kundi hili. Ile ilikuwa sarakasi ya kuvuta watazamaji, ingawa aliifanya kwa ujasiri.

Nimeona mikono miwili. Tuanze na wewe, dada.

Ameuliza kama kijana wa Afrika Mashariki anaweza kupita njia hii. Mlango wa besiboli umekwishafunguka upande wa Uganda. Watoto wa Lugazi walicheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika, na 2022 Los Angeles Dodgers wakasajili vijana wawili wa Uganda. Ila maskauti wakija huku hutazama kwanza kasi ya mkono, yaani urushaji. Mchezaji wa ndani anahitaji mechi nyingi sana ili aonekane, na mechi ndizo tulizopungukiwa. Tuandae mechi kabla ya kuandaa viraka.

Na wewe kijana wa mlangoni. Ana fedha ya glavu moja, anunue ipi? Nunua ya inchi 11 na robo tatu, au 12 kama mkono wako mkubwa. Utaimudu besi ya pili, ya tatu na ushotistopu, na uwanja wa nje watakuvumilia. Ya besi ya kwanza azima.