Jina la Nondo Kwanza, Dawa Baadaye

Ndugu zangu, walionisikia mwaka jana watanivumilia, maana narudi palepale: jina la mdudu kwanza, dawa baadaye. Leo nimekuja na nondo wawili, ambao viwavi wao hula mazao. Waangalieni vizuri: mbawa za kahawia, mistari myeupe imekatizana kama wavu uliochanika. Huyu ni Spodoptera litura, utamkuta India, Japani, hadi Australia. Huyu wa pili ni Spodoptera littoralis, wa Afrika na Mashariki ya Kati. Nani atanionyesha tofauti? Hakuna, na si kosa lenu. Kwa mbawa hawatofautishiki.

Basi unamkata tumbo. Unaliloweka kwenye maji ya potasi hidroksidi, unalipasha moto taratibu, mpaka nyama yote iyeyuke. Kinabaki kiganda kitupu, chepesi kama ngozi ya kitunguu. Unakisafisha kwa brashi ya nywele chache, unavuta viungo vya uzazi kwa ncha ya sindano, unavitandaza chini ya hadubini. Hapo ndipo dume wa Asia anapojitenga na dume wa Afrika. Ukivuta kwa pupa umechana, na nondo wako ameharibika.

Sasa sikilizeni. Fabricius, mtaalamu wa wadudu, alimpa litura jina mwaka 1775. Boisduval, mtaalamu mwingine, akampa littoralis lake mwaka 1833. Halafu wataalamu wakawachanganya, wote wakaitwa Prodenia litura, hadi walipotenganishwa miaka ya 1960. Kwa hiyo ukifungua ripoti ya zamani ya pamba ya Misri ukakuta “Prodenia litura”, unasoma habari za littoralis! Mtu anayekadiria hatari ya litura kwenye magimbi na tumbaku kule Asia, akachota humo joto analovumilia na mayai anayotaga, anamshonea Juma kanzu kwa kipimo cha Hamisi. Nimelisema hili mara ngapi?

Najua kuna atakayesema siku hizi tunapima vinasaba. Nami napima. Lakini vinasaba unavilinganisha na sampuli iliyokwisha kupewa jina, na jina hilo alilitoa mtu aliyekaa na kiganda kile. Yeye akikosea, mashine nayo inakosea. Mwingine atasema mkulima hataki Kilatini, anataka dawa. Dawa ya mdudu gani?

Pwani yetu ni shahidi. Bungua wa mahindi, Chilo partellus, asili yake Asia. Mwaka 1993 ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliachia pwani ya Kenya adui wake, kinyigu Cotesia flavipes kutoka Pakistani, na akashika makazi. Wangejuaje pa kumtafuta adui wa bungua, kama bungua mwenyewe hana jina wala kwao? Na kinyigu huyo anafanana mno na Cotesia sesamiae wa kwetu. Kuwatenganisha? Viungo vya uzazi vya dume, tena.

Nilitaka kufika kwa kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana India mwaka 2018 na China mwaka 2019, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi, kiwavi wake mtamjua shambani: Y iliyopinduliwa kichwani, madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia. Hawa nondo wangu wawili ndio wanaotaka subira. Hadubini iko pale mezani, tumbo la kwanza limeshalainika. Njooni watatu watatu, na msiegemee meza.