Pulsa inayojifungia breki

Ndugu wasikilizaji, nianze na nyota moja yenye jina lisilopendeza hata kidogo: PSR B1931+24. Ni pulsa, yaani mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka, uzito unaopita wa Jua ukiwa umeshindiliwa ndani ya tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi. Huzunguka zaidi ya mara moja kwa sekunde, na kila mzunguko mwali wake hutupitia, tukapata pigo moja la mawimbi ya redio.

Sasa sikieni vituko vyake. Hupiga siku 5 hadi 10, kisha hunyamaza ghafla, ndani ya sekunde 10 tu, na kimya hicho huchukua siku 25 hadi 35. Halafu hurudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Utasema pengine mwali umeelekea kwingine tu. Hapana. Mwaka 2006 Michael Kramer na wenzake wa Jodrell Bank, kituo cha darubini za redio huko Uingereza, walipima mzunguko wenyewe. Pulsa zote hupoteza mwendo polepole, lakini hii, inapopiga, huupoteza kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 50 ile ya wakati wa kimya. Chembe zenye chaji zinazobubujika juu ya ncha zake za sumaku ndizo zinazozaa redio, na hizo hizo ndizo breki. Zikikatika, sauti inazimika na breki inalegea. Kwangu mimi hakuna ushahidi mzito kuliko huu kwamba kinachobadilika ni mazingira yote ya sumaku ya nyota.

Pulsa nyingine hazizimiki, hubadili mwenendo tu. Mwanaastronomia Donald Backer aliliona hilo mapema, mwaka 1970. Chukueni pulsa B0943+10. Kuna saa ambazo mapigo yake ni makali na yenye mpangilio, kisha, kufumba na kufumbua, yanafifia na kuvurugika. Ikaangaliwa kwa pamoja na darubini za redio za Uholanzi na India, na setilaiti ya Ulaya ya XMM-Newton. Matokeo yalitoka 2013: redio inapofifia, eksirei huongezeka zaidi ya maradufu! Nadharia zilizokuwapo hazikuwa na jibu.

Na kwa wanaotumia mapigo ya pulsa kupima muda, kama saa, hii ni habari njema. Mwaka 2010 Andrew Lyne na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya kuyumba kwa saa hizo hutokana na breki kuhama kati ya viwango viwili, na umbo la pigo hubadilika pamoja nayo. Ukilisoma umbo, unaweza kuirekebisha saa.