Uthibitisho Uliokuwa na Tundu: Mkwamo katika Kufuli za Folda za Linux

Habarini za mchana, na asanteni kwa kuja saa hii ya jua kali. Niliombwa nizungumzie usalama wa mifumo endeshi, na najua wengi mmekuja mkitarajia nywila na virusi. Mimi nitazungumzia kazi moja tu: kuhamisha faili kutoka folda moja kwenda nyingine.

Kwanza tuelewane kuhusu mkwamo. Watu wawili wanataka kutwanga. Mmoja kashika kinu, anangoja mchi. Wa pili kashika mchi, anangoja kinu. Watakaa hapo mpaka mahindi yaote. Mwaka 1971 Coffman, Elphick na Shoshani walitaja masharti manne ambayo lazima yatimie pamoja ndipo mkwamo utokee: kitu hakishikwi na wawili, mwenye nacho haachii huku akingoja kingine, hanyang'anywi, na kungojana kwenyewe kunafanya duara. Ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, matatu ya kwanza ni vigumu kuyakwepa, maana ndivyo kufuli zilivyo: alama ya kwamba kitu kinatumika, mwingine angoje. Vita vyote viko kwenye la nne, na dawa yake ni kwamba kila anayehitaji kufuli mbili azichukue kwa mpangilio uleule.

Sasa, folda. Katika mfumo endeshi wa Linux kila folda ina kufuli yake. Ukihamisha faili kutoka A kwenda B unazifunga zote mbili. Mimi nahamisha kutoka A kwenda B, wewe wakati huohuo unatoka B kwenda A. Kila mmoja akianza na folda anayotoka, tumekwama. Mtasema tuzipange kwa anwani, yaani namba ya mahali kila moja ilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ndogo itangulie. Sehemu nyingine za kerneli hufanya hivyo. Tatizo ni kwamba folda zina ukoo: iliyo ndani ya nyingine ni mtoto wake. Kuna shughuli, kama kufuta folda, ambazo humfunga mzazi kisha mtoto, na anwani hazijui nani kamzaa nani. Basi kanuni ikawa hivi: kama mmoja ni mzee wa mwingine, mzee hufungwa kwanza. Kama hawana undugu huo, hapo ndipo unaweza kutumia anwani.

Na ukoo ukibadilika wakati bado napima? Swali zuri, na ndiyo sababu ya kufuli ya tatu, moja kwa mfumo mzima wa faili, inayotangulia zile mbili kila mtu anapohamisha kitu kati ya folda tofauti. Bila hiyo, ningeweza kuiingiza A ndani ya B huku wewe unaiingiza B ndani ya A, kila folda ikawa mzazi wa mwenzake, na zote mbili zikakatika kabisa na mzizi, ile folda ya juu kabisa yenye nyingine zote. Hakuna njia ingezifikia tena.

Utaratibu huu una waraka wake ndani ya msimbo wa Linux, na waraka huo una kitu adimu: uthibitisho, hatua kwa hatua, kwamba mkwamo hauwezekani. Usomeni. Kisha Al Viro, msimamizi wa sehemu hiyo ya kerneli, akaonyesha kwamba uthibitisho una tundu. Marekebisho ya msimbo, na ya uthibitisho wenyewe, yaliingia katika toleo la 6.8, lililotoka Machi 2024.

Tundu lilikuwa pale tuliposema kwamba mwenye kufuli ya tatu amezuia ukoo usibadilike. Seva ya NFS, ile inayogawa faili kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao, inaweza kuletewa kitambulisho cha folda bila njia yake. Kerneli inaipakia folda hiyo kwenye kumbukumbu kabla ya kujua mzazi wake ni nani, na kwa muda folda inakuwa mzizi wa mti mdogo uliojitenga. Mzazi akijulikana, mti unapachikwa mahali pake, na upachikaji huo haungoji kufuli ya tatu.

Fuateni polepole. Nimeshika kufuli ya tatu. Napima: A na B ziko kwenye miti tofauti, hazina undugu. Naifunga A. Kabla sijaigusa B, A inapachikwa ndani ya B. Jibu langu lilikuwa sahihi nilipouliza. Sasa ni uongo, nami nimeshaanza na mtoto. Anakuja mwingine kuifuta A kwa kufuata kanuni: kashika B, anaitaka A. Mimi nina A, naitaka B. Wote wawili tumetii waraka.

Tiba ni fupi kuliko maelezo yake. Kama folda mbili hazina mzizi wa pamoja, kerneli inakataa kuhamisha na kurudisha kosa la EXDEV, lilelile la kuhamisha kati ya mifumo miwili ya faili.

Kipo chombo cha kukagua kufuli kiitwacho lockdep, cha Ingo Molnár na Arjan van de Ven, kilichoingia mwaka 2006. Nakipenda sana. Leo uzi mmoja, yaani kazi moja inayoendeshwa na kompyuta, ukichukua kufuli X kisha Y, kesho mwingine Y kisha X, kinapiga kelele hata kama hawakukutana kamwe. Ila kinahukumu aina za kufuli, si kufuli mojamoja. Kwa folda, mwandishi wa programu ndiye anayekiambia ipi ya mzazi na ipi ya mtoto, nacho kinamwamini.

Kwa nini nauita huu usalama? Programu inayongoja kufuli ya folda kwa kawaida haiuawi hata kwa kill -9, amri ya kuua programu kwa nguvu. Nyingine inayokuja kutafuta faili humo nayo inaweza kunasa. Kwa kawaida baada ya sekunde 120 kerneli huandika malalamiko kwenye daftari lake la matukio, basi; kinachobaki ni kuwasha mashine upya. Nafasi ya mkwamo huwa finyu mno, na mtumiaji mwema anaweza asiiguse maisha yake yote. Mwenye nia mbaya huijaribu mara milioni. Hili la folda si jepesi kulichokoza, nakiri, kwa sababu linahitaji miti iliyojitenga. Bado nalihesabu ni udhaifu.

Kaka ameuliza kwa nini tusiwe na kufuli moja kwa kerneli nzima. Linux iliwahi kuwa nayo, tangu 2.0 ya mwaka 1996, na masalia yake yaliondolewa mwaka 2011. Prosesa zikiwa nyingi, zote zilipanga foleni mlango mmoja.

Na dada pale nyuma: mtumiaji ataona nini akipata EXDEV? Akitumia mv, amri ya kuhamisha faili, pengine asione kitu. Amri hiyo ikikutana na kosa hilo hunakili faili kisha hufuta la zamani. Faili likiwa kubwa atangoja kidogo. Programu inayoiomba kerneli ihamishe, kwa wito uitwao rename, moja kwa moja bila kuliandalia kosa hilo ndiyo itakayomwambia imeshindwa.