Kidole cha Mbunge na Pesa za Brussels

IDRISA: Karibuni tena. Neema leo ana kisa cha bunge la Uhispania. Mimi nina kikombe cha chai tu.

NEEMA: Kiweke chini kwanza, utakimwaga. Februari 3, 2022, marekebisho ya sheria ya kazi yanapigiwa kura. Mbunge mmoja wa upinzani anapiga kura yake kwa kompyuta, na inaingia "ndiyo" badala ya "hapana".

IDRISA: Weee!

NEEMA: Akakimbilia bungeni apige upya, akakatazwa. Spika naye akajichanganya, akatangaza kuwa sheria imeanguka. Upinzani wanashangilia, mara anasahihisha: imepita, 175 kwa 174! Mbunge alidai mfumo ndio uliokosea.

IDRISA: Sasa Ulaya inaingiaje hapo?

NEEMA: Mabadiliko hayo yalikuwa ndani ya mpango ambao Uhispania iliupeleka Brussels, kwenye makao ya Umoja wa Ulaya, ili ipate fedha za kujikwamua baada ya korona. Zinatoka kwa awamu: timiza hatua, ulipwe.

IDRISA: Zamani nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa zinasomeana ripoti tu. Kwenye mkutano wa Lisbon, mwaka 2000, viongozi wao waliahidi kwamba ikifika 2010 asilimia 70 ya wenye umri wa kufanya kazi watakuwa kazini. Anayebaki nyuma aone haya mbele ya wenzake.

NEEMA: Na waliona haya?

IDRISA: Waziri anayesubiri uchaguzi anamwonea haya mpiga kura wake, si waziri wa Finland! 2010 ilifika, wako kama asilimia 64.

NEEMA: Usiwaonee, mdororo wa 2008 uliwapiga.

IDRISA: Kweli. Lakini tangu 2004 kamati ya Wim Kok, waziri mkuu wa zamani wa Uholanzi, ilishawaambia wamejitwisha mambo mengi mno na uratibu wenyewe ni hafifu.

NEEMA: Haya, njoo Mallorca, kisiwa cha watalii cha Uhispania, kabla ya sheria ile. Mhudumu wa hoteli anaajiriwa watalii wakianza kuja, baridi ikiingia mkataba umekwisha. Mwaka ujao anaanza sifuri. Karibu robo ya waajiriwa wa nchi ile walikuwa kwenye mikataba ya muda. Sheria mpya inasema mkataba ni wa kudumu mpaka mwajiri aonyeshe sababu. Huyu wa msimu anabaki mwajiriwa, na msimu ukirudi lazima aitwe.

IDRISA: Miezi ya baridi analipwa mshahara?

NEEMA: Halipwi.

IDRISA: Na kwenye daftari la wasio na kazi yumo?

NEEMA: Hahesabiwi. Wapinzani wanalipigia kelele hilo mpaka leo.

IDRISA: Basi Brussels imelipia jina, dada yangu.

NEEMA: Hapana bwana. Vyama vya wafanyakazi na waajiri walikaa meza moja wakaafikiana kabla kura haijapigwa, halikuwa agizo la Brussels peke yake. Na mhudumu yule asipoitwa, anakwenda mahakamani kama aliyefukuzwa kazi. Zamani angekwenda kumshtaki nani, na kwa mkataba upi?

IDRISA: Hapo umenikamata. Ngoja nimalizie chai.