Chumvi Ipi? Hewa Ukaa Katika Maji ya Ziwa Natron

(Mhadhara kwa wanafunzi na walimu, Arusha)

Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Mkifika nyumbani fungueni soda, mtie kijiko cha chumvi. Itafura mpaka imwagike. Watu husema chumvi imefukuza gesi. Hapana, si hasa: hata mchanga mkavu utafanya hivyo hivyo, maana kila punje ni mahali pa viputo kuanzia. Chumvi kufukuza gesi kupo kweli, lakini hakuhitaji povu.

Tuhesabu. Lita moja ya maji safi, nyuzi 25, juu yake hewa ukaa tupu kwa mgandamizo wa angahewa moja, huyeyusha gramu moja na nusu hivi. Tia gramu 58 za chumvi ya mezani, na karibu sehemu moja ya tano ya uwezo huo inapotea. Ayoni za sodiamu na kloraidi, yaani chembe zenye chaji ambamo chumvi hiyo hugawanyika, zimejizungushia maji. Yaliyobaki huru kupokea gesi yamepungua.

Mkemia Mwingereza William Henry alionyesha mwaka 1803 kwamba mgandamizo ukizidi, gesi inayoyeyuka nayo huzidi. Lakini kwenye maji ya chini ya ardhi, palipo na joto, chumvi na mgandamizo mkali, kanuni yake peke yake haitoshi. Milinganyo ya mkemia Kenneth Pitzer ya mwaka 1973 hukokotoa namna ayoni zinavyoathiriana, na mwaka 2003 watafiti Duan na Sun waliitumia kujenga modeli, yaani hesabu ya kukadiria hewa ukaa inayoyeyuka, kwa maji ya sodiamu kloraidi (chumvi ya mezani), inayofika nyuzi 260 na mgandamizo wa baa 2000, karibu mara 2000 ya angahewa. Modeli nzuri, mimi naipenda. Ila ukiipeleka kwenye Ziwa Natron, huku kaskazini mwa Tanzania, kama ilivyo, itakupa jibu la kinyume.

Kwa nini? Chumvi kuu ya Natron ni magadi, haya haya ya kulainishia maharage. Jirani yake, Ol Doinyo Lengai, ndio volkano pekee duniani leo inayotoa lava ya kaboneti ya sodiamu. Sasa rudini kwenye lita yetu, badala ya chumvi tieni gramu 53 za kaboneti hiyo. Hewa ukaa ikiingia, kaboneti inaungana nayo pamoja na maji, inazaliwa baikaboneti. Lita ile ile itapokea zaidi ya gramu 20! Uzito wa chumvi unakaribiana. Moja imepunguza, nyingine imezidisha mara kumi na ushei.

Kwa hiyo anayepima ukali wa chumvi tu, akaingiza namba hiyo pekee kwenye kompyuta, safari yake ya ziwani imepoteza bure mafuta ya gari. Pimeni kaboneti na baikaboneti kwa kutitireti, yaani kutia asidi kidogo kidogo na kupima inayohitajika. Kipima pH (kipimo cha uasidi na ualkali) cha kioo nacho msikiamini sana: sodiamu ikijaa na pH ikipita 10, husoma chini ya ukweli.

Kuna aliyeuliza kama ziwa litaendelea kunywa hewa ukaa daima. Hapana. Kaboneti ikishageuka, mlango umefungwa. Tena jua likikausha maji, magadi yanapoganda sehemu ya baikaboneti huachia hewa ukaa, nayo hurudi angani. Modeli isiyohesabu ukaukaji huo bado ina kazi.