Uzito Unaporudi Baada ya Baipasi ya Tumbo

Ndugu wauguzi, waganga wenzangu, nanyi mliofanyiwa upasuaji huu wa kupunguza uzito mkaitikia mwaliko wa kufika Kampala asubuhi ya leo, nawashukuru kwa kuja.

Mwaka jana alinijia mama mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, aliyefanyiwa baipasi nje ya nchi miaka saba kabla. Alikuwa ameshuka hadi kilo 78, na siku ile mizani ilisoma 94. Hata kabla hajaketi aliniuliza, "Daktari, nikatwe tena?" Aliuliza kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, na jambo hilo lilinisikitisha kuliko kilo zenyewe, kwa sababu kurudi kwa uzito ni sehemu ya ugonjwa wa unene, nao ni ugonjwa wa kudumu kama kisukari au shinikizo la damu.

Katika utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007, waliofanyiwa baipasi walipungua kwa wastani asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili, na baada ya miaka 10 upungufu ulikuwa asilimia 25. Maana yake ni kwamba mtu wa kilo 120 angeshuka hadi kilo 82 hivi, kisha apande hadi 90. Kupanda huko ni kwa kawaida na hakuhitaji kisu. Tunachokitafuta ni kile kinachozidi hapo, hasa kikija pamoja na kisukari au shinikizo lililokuwa limetulia.

Tukumbuke kilichofanywa. Mfuko wa chakula hukatwa, kikabaki kifuko kidogo juu, chenye ujazo wa mililita 15 hadi 30, yaani kama vijiko viwili vya mezani. Kifuko hicho huunganishwa na utumbo mwembamba kwa tundu lenye upana wa sentimita moja hivi, na chakula huteremka kwa urefu wa mita moja au moja na nusu kabla ya kukutana na nyongo na maji ya kongosho. Kwa hiyo yapo mambo matatu ya kuyatazama: kifuko kinaweza kutanuka, tundu linaweza kulegea na kuwa pana, au mfuko wa zamani ulioachwa kando unaweza kutoboka na kuungana tena na kifuko, chakula kikarudia njia yake ya awali. Hayo huonekana kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na kwa picha za eksirei mgonjwa akiwa amenywa dawa ya bariamu. Lakini kabla ya vipimo hivyo, keti na mgonjwa umsikilize. Mama yule hakuwa akila sahani kubwa ya matoke. Dukani alikuwa na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari na mfuko wa karanga, akinywa na kutafuna kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni, na vinywaji vitamu havizuiwi na kifuko chochote, hata kiwe kidogo namna gani. Tazama pia dawa anazotumia, kwani insulini, steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza uzito.

Endapo tundu limetanuka, linaweza kushonwa kwa ndani kupitia mdomoni, kwa kifaa kinachopitishwa pamoja na endoskopi, bila kupasua tumbo. Uzito unaopungua kwa njia hii ni wa wastani, lakini hatari yake ni ndogo, nami ndiyo ninayoipendelea kwanza pale inapopatikana. Kifuko kilichotanuka kinaweza kupunguzwa au kuzungushiwa pete, ingawa pete huweza kuteleza au kuula ukuta wa kifuko kwa miaka. Njia isiyotakiwa kati ya kifuko na mfuko wa zamani, ikiwa inaleta vidonda au kurudisha uzito, kwa kawaida hufungwa kwa upasuaji.

Niruhusuni nikawie kwenye upasuaji wa kurefusha baipasi, kwa sababu ndio ninaoulizwa zaidi. Hapa maungio ya chini, pale chakula kinapokutana na nyongo, huhamishwa, na sehemu ya utumbo ambamo viwili hivyo husafiri pamoja ikawa fupi. Uzito hushuka, tena sana. Lakini zamani sehemu hiyo ilipoachwa mita moja au chini yake, wagonjwa wengi waliharisha, wakavimba miguu kwa kukosa protini, na wengine wakarudishwa chumba cha upasuaji ili warefushiwe sehemu hiyo. Vitamini A, D, E na K hupotea pamoja na mafuta. Mtu anayeishi Kotido au Kisoro, ambaye kupimiwa vitamini ni safari ya siku nzima, anaweza kuanza kutoona vizuri usiku bila yeyote kuhusisha macho yake na utumbo wake. Simfanyii mtu upasuaji huu kama hatujakubaliana atapimwa wapi, na nani, na kwa fedha zipi, maisha yake yote. Aidha, upasuaji wa pili, wa aina yoyote, hupita kwenye makovu ya ule wa kwanza, na hatari ya maungio kuvuja ni kubwa zaidi.

Siku hizi zipo pia sindano za liraglutidi na semaglutidi, zinazopunguza njaa na zinazowafaa hata waliokwisha kufanyiwa baipasi, ila uzito huelekea kurudi zikiachwa, na bei yake ni nzito.

Kwa mama yule, endoskopi ilionyesha kifuko kizuri na tundu la karibu sentimita tatu. Hakuwa na karatasi hata moja ya upasuaji wake, kwa hiyo hatukujua utumbo wake uliunganishwa wapi, na kurefusha baipasi kungekuwa kukata gizani. Tuliiandikia hospitali iliyompasua kuomba taarifa yake, na tulipokuwa tukisubiri, alianza na mtaalamu wa lishe, chai yake ikawa haina sukari. Taarifa ilifika baada ya wiki tisa. Nayo ilipofika, yeye mwenyewe alichagua tundu lishonwe kwa ndani.